Sherehe ya Duka Juu ya Mgeta

Miaka ya sabini, nikiwa Bwana Maendeleo mjini Morogoro, nilitumwa kwenye kijiji kimoja cha ujamaa juu ya Mgeta. Kijiji kilikuwa kinafungua duka lake, na mgeni rasmi angetoka wilayani. Bosi wangu aliniambia: iwe sherehe, ngoma ilie, kina mama wapige vigelegele.

Asubuhi nilipanda lori lililokuwa likifuata kabichi mlimani. Tulipita Mzumbe, tukaiacha barabara kuu, tukaanza kupanda. Mvua ilikuwa imeharibu njia, hivyo kutoka Mgeta nilitembea kwa miguu katikati ya ukungu na matuta ya njegere. Karibu na kijiji nilikuta upande mzima wa shamba umeporomoka.

Mchana nilifika kwa mwenyekiti, Mzee Alois.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetukuta vibaya. Udongo ule umemfukia Damas, mtoto wa Mama Felista. Tumemzika jana."

Nilitoa pole, kisha nikauliza ngoma iko wapi.

Mzee alinitazama. "Bwana Maendeleo, tuite mkutano. Mkutanoni mtu huja na huzuni yake, akakaa, akasikiliza. Sikukuu nayo ina misa yake, hata mfiwa husali. Lakini sherehe bila vigelegele si sherehe, na anayevianzisha hapa ni Mama Felista. Yuko matangani."

"Mgeni ameambiwa sherehe."

"Basi mwambie mkutano."

Niliogopa kuonekana nimeshindwa kazi. Jioni nikaenda mwenyewe msibani. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, wamemzunguka mfiwa. Nilipoeleza haja yangu, mmoja akaguna.

"Kwenu mjini msiba mnaumaliza kwa kikombe cha chai?"

"Mwache," akasema mwingine. "Huyu labda hajafiwa hata na kuku."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Aibu yangu ikageuka hasira. Nikasema asiyesherehekea duka asije kuomba sukari wala kanga dukani.

Hakuna aliyecheka tena. Mama Felista, ambaye alikuwa na watoto wengine wadogo, aliuliza kwa sauti ya chini, "Nikipiga kimoja tu, kinatosha?"

Nikajibu, "Kinatosha."

Kesho yake mgeni alifika akiwa ametapakaa tope. Ngoma ikapigwa. Mama Felista akasimama mbele, kaniki kichwani, akapiga kigelegele. Kilianza vizuri, kikakatika katikati. Wenzake hawakukipokea. Mgeni akamwinamia Mzee Alois kuuliza kuna nini, akaelezwa. Kisha akanigeukia.

"Kwa nini hukuniambia, kijana? Tungefanya mkutano tu."

Alikata utepe bila hotuba, akaenda kutoa mkono wa pole.

Alasiri nilianza safari ya kurudi. Njia ilipita nyumbani kwa Mama Felista. Nilidhani nitakuta wanawake wale wale, lakini uwanja ulikuwa mtupu. Walikuwa wamekunja mikeka yao na kuondoka, wakisema aliyepiga kigelegele ameyaanua matanga kwa mdomo wake mwenyewe. Siku zilizobaki za kumlilia Damas angezikaa peke yake.

Alikuwa ameketi mlangoni; nikasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba, Bwana Maendeleo. Sherehe imekwisha?"

"Imekwisha, mama."

"Haya. Shuka salama, kuna utelezi."

Mjini niliandika kwenye ripoti kwamba wananchi walilipokea duka kwa nderemo na vifijo. Tuliandika hivyo kwa kila sherehe, na hakuna aliyeniuliza.

Sasa mimi ni mzee. Nimekwisha kualikwa kwenye hafla, maadhimisho na matamasha mengi, na najua majina hayo si mapambo: kila moja huwadai watu kitu. Lile la sherehe nililolishikilia mimi lilimdai mama mmoja wale waliokuwa wamekuja kulia naye. Ningeweza kulibadilisha kwa kufungua mdomo tu. Sikurudi tena kijijini kumwomba radhi, na leo hayupo wa kuombwa.