Dume Huagizwa Mwisho

Bernadeta Luhende alimpasua kichwa mwenye ukumbi kwa kiti cha chuma, na mimi nilikuwepo. Ukumbi wenyewe uko Ilemela na sitautaja. Kosa la yule bwana lilikuwa kuwapa maharusi wawili Jumamosi moja, tena ile ya kwanza baada ya Pasaka, ambayo kila Mkatoliki aliyezuiliwa na Kwaresima anaitaka. Matarumbeta ya upande mmoja yalikutana na ya upande wa pili mlangoni. Wapambe walishikana mashati, mpigaji mmoja akageuza tarumbeta lake kuwa rungu, na shangazi wa watu akang'atwa sikio. Bernadeta alimfuata mwenye ukumbi jukwaani, akamuuliza nani aliyeshika ukumbi kwanza. Yule bwana alipoanza kusema tuelewane, kiti kikamfikia. Harusi yetu ikafanyika. Mimi ni mpambaji, naitwa Odeta, na maua yangu ya jioni ile yalikuwa na madoa ya damu ambayo wageni waliyasifia wakidhani ni urembo.

Kazi ya Bernadeta ni kusimamia harusi za watu, na wengi humwita Dada Beta. Ukimpelekea harusi hakuulizi rangi ya sare, anakuuliza mwezi. Ukumbi na mshereheshaji huwashika mapema, hata nusu mwaka kabla, kwa sababu kumbi nzuri ni chache na mshereheshaji anayechekesha bila kutukana wakwe ni adimu zaidi. Mpishi humfuata, ila huambiwa asinunue hata kitunguu mpaka wiki ya sherehe. Mpiga picha, keki, matarumbeta, kila mmoja ana wakati wake. Mimi hunipigia karibu na mwisho, akidai maua hunyauka na wapambaji hujisahau. Nanuna, lakini nakwenda, maana chakula cha wanangu kinatoka kwake.

Wa mwisho kabisa ni dume. Kwa Bernadeta, ng'ombe wa sherehe hafungwi uani kwa mtu mpaka yeye aingie chumbani na bibi harusi, wawili tu, na binti aseme kwa mdomo wake kwamba aletwe. Hapo ndipo anapompigia Yunus, mchinjaji, Mwislamu wa Buswelu, anayeitwa kwenye sherehe zetu Wakristo ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Wazee hawaupendi utaratibu huu hata kidogo. Kwa Msukuma ng'ombe ni heshima ya baba, na baba hutaka heshima yake ionekane mapema, majirani wapite wakiikadiria nyama kwa macho. Wao hudhani Bernadeta anabania majani ya kumlisha ng'ombe.

Sababu alinieleza mara moja tu, tukikunja vitambaa baada ya harusi ya mtu. Alipokuwa binti, wiki ile ile ya harusi yake, mchumba wake wa Sengerema alimpiga ngumi ya jicho kwa sababu alichelewa kuitika. Alificha mpaka asubuhi ya sherehe, akaenda kwa mama yake. Mama alilitazama jicho, akalia, kisha akamwonyesha uani, ambako ngozi ilikuwa imetandazwa na mbwa wanaramba damu. "Ng'ombe ameshachinjwa, mwanangu," akasema.

Basi, wakamvusha. Kwenye kivuko cha Kigongo matarumbeta yalipulizwa karibu na masikio yake, naye chini ya shela alikuwa anaona kwa jicho moja. Mume yule alimpiga kwa mkanda, kwa mwiko, kwa kasia. Mimba ya pili ilitoka kwa teke. Siku alipomvunja taya, Bernadeta alimmwagia uji wa moto kifuani, akawabeba watoto na kuvuka kurudi kwao. Taya liliunga vibaya, na hadi leo akicheka mdomo unakwenda upande. Siku hizi pana daraja, na kila tukipita juu yake yeye hufumba macho.

Mwaka huu Mzee Malimi wa Buswelu, mfugaji mwenye zizi kubwa na maneno machache, alimkabidhi Bernadeta sendofu ya bintiye Selina, yaani sherehe ya kumuaga kabla hajaolewa. Mchumba alikuwa Alexander, muuza injini za mitumbwi, kijana wa tabasamu na manukato. Kila kitu kilishikwa kwa wakati wake. Mara mbili Bernadeta aliingia chumbani na Selina kuuliza habari ya dume, na mara mbili Selina alisema tusubiri kidogo. Bernadeta hakumbana. Mzee Malimi ndiye aliyechoka kusubiri. Asubuhi ya sendofu alitoa dume zizini mwenyewe, akamwita Yunus mwenyewe.

Tulipofika, dume alikuwa ameangushwa, miguu imefungwa kamba, na vijana wanne wamemlalia. Mmoja alishachanwa paja kwa pembe, damu ikimchuruzika mpaka kwenye ndala, na bado alikuwa anacheka. Yunus alisimama kando na kisu mkononi. Tulimwamkia mzee shikamoo, hakuitikia. Alisema mchinjaji anagoma kwa sababu eti anasubiri neno la Bernadeta. Aliuliza tangu lini ng'ombe wake, kwenye uwanja wake, akahitaji neno la mtu.

Bernadeta aliomba apewe muda mfupi, akaingia ndani, nami nyuma yake. Selina alikuwa kitandani amejifunika kanga kichwani, shangazi yake amekaa naye kama askari. Shangazi akatueleza kwamba binti ameteleza bafuni. Bernadeta alimwomba atoke, akakataa, basi akamshika kola na kumtupa koridoni. Mimi nilibaki mlangoni kumzuia asirudi. Bernadeta akaifunua ile kanga.

Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka, jino moja halipo, na shingoni pamebaki alama za vidole. Selina alieleza kwa shida kwamba jana jioni alimwomba Alexander waisogeze mbele harusi, na Alexander akamjibu hivyo. Shangazi alimwambia anyamaze, ukumbi umeshashikwa, wageni wako njiani.

"Mama, si imeshakuwa?" Selina akamuuliza Bernadeta.

"Ukumbi ni matofali," Bernadeta akasema. "Mimi nakuuliza habari ya ng'ombe."

Selina alilia kwanza. Kisha akasema, "Asichinjwe."

Tulipotoka, Alexander alikuwa ameingia na pikapu iliyojaa kreti za bia, mchango wa upande wake. Bernadeta akasimama kati ya Yunus na dume, akatangaza mbele ya kamati nzima ya sherehe kwamba bibi harusi amekataa. Alexander alicheka. Alimwambia mzee kwamba huyu mama ana kichaa cha kuachika, na kwamba mahari imekwisha kutolewa, Selina ni mkewe. Ndipo Selina akatokea mlangoni, uso wazi, kila mtu anamwona.

Nafikiri Alexander alisahau yuko kwa nani. Mkono uliozoea hausubiri ruhusa. Alimwendea Selina, akamkamata nywele na kumsukuma arudi ndani, mpaka kichwa kikagonga fremu ya mlango. Bernadeta akamrukia mgongoni. Alexander akageuka, akampiga ngumi ya taya, taya lile lile, na nilisikia mfupa. Bernadeta akaanguka juu ya ubavu wa dume.

Mimi nilichomoa chupa kwenye kreti, nikaipasulia kichwani kwa Alexander, na sijuti. Alipoyumba, Mzee Malimi alimfikia kwa fimbo yake ya kuchungia. Alimpiga mabegani, alimpiga mikononi, alimpiga akiwa amesimama na alimpiga akiwa chini, mpaka fimbo ikakatika. Akaanza kutumia kipande kilichobaki. Vijana wakamwacha dume wakaja na mateke yao. Yunus alikirusha kisu mbali juu ya bati la jiko, akamkumbatia mzee kwa nyuma.

"Mzee, utaua," akamwambia. "Inatosha."

Alexander alitambaa hadi kwenye pikapu, akaondoka akiendesha kwa mkono mmoja, kreti zikidondoka njiani. Uani ikabaki harufu ya bia na damu. Mzee Malimi alikuwa anatweta. Alimtazama bintiye mdomoni, akatazama, akarudia tena, kama mtu anayehesabu ng'ombe na idadi haifiki. Shangazi, ambaye hakuna kinachomnyamazisha, alimkumbusha kwamba wageni wameshavuka daraja, kwamba ni aibu, kwamba ng'ombe ameshaangushwa.

"Mfungueni," mzee akasema. "Arudi zizini."

Vijana wakakata kamba. Dume alikaa kidogo kana kwamba haamini, akainuka, akajikung'uta vumbi na kuondoka polepole akipitia njia aliyoijia.

Bernadeta akalia. Sikumwona akilia aliponisimulia habari ya mimba ile, lakini siku hiyo alilia kwa sauti mbele ya kamati, damu ikimtoka kidevuni, nami nikakaa vumbini nikamshika. Alinipa simu yake. Kwa mdomo ule uliovimba aliniambia nianze na mpishi, asiwashe moto, kisha matarumbeta kabla hawajapanda gari, ukumbi uwe wa mwisho. Nikaanza kupiga. Mpishi alipokuwa bado hajapokea, Bernadeta alisema kitu, nikainamisha sikio.

"Siku yangu baba alikuwepo uani," alisema. "Aliniona jicho. Alikuwa anagawa nyama."