Zamu ya Maji Mezani pa Puli

Mchezo wa puli siupendi na sitaupenda. Nasema mapema ili anayetafuta sifa zake asinipotezee muda. Ni meza yenye kitambaa cha kijani, mashimo sita, mipira ya rangi rangi, na wanaume wenye nguvu zao wanaoizunguka mchana kutwa, wakiinama na kuinuka kama wamedondosha sindano. Wangeinama hivyo shambani, Bombo yetu nzima ingekuwa inauza chakula mpaka Dar es Salaam. Lakini shambani hakuna wa kukupigia makofi.

Meza yenyewe ililetwa na lori, ikashushwa pale kituo cha bodaboda, ikaingizwa kwenye banda la bati nyuma ya kinyozi. Ilikuja na mguu mmoja mbovu, wakauwekea vipande vya tofali. Haukupita muda mjukuu wangu akawa fundi. Fundi wa nini? Wa kusukuma mpira kwa fimbo utumbukie shimoni. Mama yake, ambaye ni binti yangu, yuko kijiji cha Bendera kwa mumewe. Huyu mjukuu aliniachia akiwa hajaota meno, nikamlea, na sasa ana ndevu.

Mambo ya puli niliyajua bila kuyataka, maana mtu huyu hanyamazi. Mimi nachagua mchele jioni, yeye anachukua ndimu zangu anazipanga juu ya meza ya kulia chakula, anashika mpini wa ufagio, anaanza somo.

"Bibi, tazama. Huu ndio mpira mweupe, ndio unaopigwa. Ule pale ndio ninaoutaka uingie shimoni. Sasa ukiutazama ule wenyewe, umekosa."

"Nitazame nini, dari?"

"Unatazama mpira ambao haupo. Unauwaza. Unauona umekaa hapa, umegusana na ule unaoutaka, upande ulio mbali na shimo. Halafu mweupe wako unaupeleka ukakae pale pale penye ule wa kuwaza."

"Mpira ambao haupo."

"Ndiyo, bibi."

"Basi na wali ninaoupika leo utauwaza."

Hakukasirika. Kesho yake alikuja na njia nyingine, eti mwenzake wa bodaboda ameiona kwenye simu. Hiyo huwazi kitu. Mpira unaugawa kwa macho kama unavyokata mkate: ukitaka uende pembeni kidogo unaugonga karibu wote, ukitaka uende pembeni zaidi unagonga nusu, ukitaka uende kando kabisa unaugusa robo tu, ukingoni. Akazigonga ndimu zangu nusu na robo mpaka moja ikaingia jikoni kwenye majivu. Na kuna wengine, akasema, hawagawi wala hawawazi. Wanalaza fimbo juu ya meza kutoka shimoni mpaka kwenye mpira, wanazunguka, wanafumba jicho moja kama wapima ardhi.

"Na wewe unafuata ipi?"

"Inategemea, bibi."

"Ndiyo maana unakosa kwa njia zote."

Kisha ikaja spini. Hapo ndipo niliomba Mungu aniondolee usikivu. Ukiupiga mpira mweupe juu kidogo ya katikati, unagonga wenzake na kuendelea mbele kuwafuata. Ukiupiga chini, unagonga halafu unarudi nyuma kwako kama mbwa aliyeitwa. Ukiupiga ubavuni, unajizungusha kama pia, na ukifika kwenye ukingo wa meza unachepuka kwa njia ambayo mtu hakuitegemea. Vijana wakiona hivyo wanapiga kelele kama wameona mvua.

"Sasa faida yake?" nikamuuliza.

"Ni kuupeleka mweupe mahali pazuri, ili mpira unaofuata uwe rahisi. Mchezaji anacheza huu huku anawaza ule wa mbele. Ila ubavuni ni hatari. Ukipiga ubavuni mweupe hauendi kule fimbo ilikoelekea, unapotoka kidogo. Kwa hiyo inabidi ulenge pembeni ya pale unapolenga."

Nikaweka ungo chini. "Yaani unalenga usipopataka, ili upate mpira ambao haupo."

Akacheka mpaka akakaa. "Bibi, wewe umeelewa kuliko wale wa kijiweni."

Alidhani ananisifu.

Kiangazi kilipotukalia, maharage yangu yalikuwa yanatoa maua. Aliyelima huku juu anajua maana yake. Ua lisipopata maji linadondoka, na likidondoka hakuna ganda, basi umelima majani. Maji yetu yanatoka mfereji mmoja. Usiku tunayaziba kwenye ndiva, bwawa letu la udongo walilolichimba mababu, asubuhi mwenye zamu anafungulia yateremke shambani kwake. Kila nyumba ina siku yake. Ya kwangu ni Ijumaa. Ijumaa moja ikipita bila maji wakati wa maua, sina maharage ya kula wala ya mbegu.

Jumatano mchana jirani yangu, mwanamke mwenzangu tunayepakana mashamba, akanisimamia mlangoni.

"Mwenzangu, Ijumaa maji mmempa nani?"

"Nimpe nani? Ijumaa ni yangu."

"Haya. Mimi sijasema kitu. Pita kwa kinyozi, usikie mwenyewe."

Nikafunga khanga kiunoni nikashuka. Bandani walikuwa wamejaa, moshi wa sigara, redio inapiga kelele. Aliyekuwa kwenye mlango akaniona.

"Oya, zimeni redio! Bi mkubwa kaja!"

"Shikamoo bibi! Shikamoo! Shikamoo!"

"Marahaba. Nimeambiwa maji yangu yako hapa mezani. Nimekuja kuyachukua."

Mmoja akaanza kucheka, mwenzake akamkanyaga mguu. Mjukuu wangu alikuwa na fimbo mkononi na chaki ya bluu puani. Mpinzani wake ni kijana wa nyumba iliyo juu ya ndiva, anayelima kabichi chini ya shamba langu na kuvaa miwani myeusi ndani ya banda. Kumbe walikuwa wamewekeana zamu: akishinda wangu, tunapata na Jumatatu ya yule, akishindwa, Ijumaa yangu inakwenda kwenye kabichi.

"Bibi, tulia," mjukuu akaninong'oneza. "Nimemaliza mipira yangu yote. Umebaki mweusi tu. Nikiuingiza huu, maharage yako yatakunywa mara mbili wiki hii."

"Ondoa Ijumaa yangu mezani."

"Siwezi, bibi. Nimeshatoa neno mbele ya watu."

"Acha apige, bibi," yule wa miwani akasema. "Usimtie hofu bure, mkono wake wenyewe haujatulia."

Nikatazama. Mpira mweusi ulikuwa karibu na shimo la kona, mweupe nyuma yake, imenyooka kama matuta. Hata mimi niliona hapakuwa na cha kuwaza wala cha kugawa. Ni kusukuma taratibu. Nilijiambia Mungu huwaonea huruma hata wapumbavu.

Lakini wale vijana wakaanza.

"Mwanangu, mpe spini!"

"Mrudishe mweupe nyumbani, aone!"

"Mzungushe! Mzungushe!"

Nikaona anasogeza fimbo. Akaisogeza chini kidogo, halafu ubavuni. Akapiga kwa nguvu. Mpira mweupe ukaenda unajizungusha, ukapotoka, ukaugonga mweusi pembeni. Mweusi ukagonga mdomo wa shimo upande huu, ukagonga upande ule, ukakaa nje. Mweupe ukarudi mpaka karibu na tumbo lake, vizuri kabisa, ukatulia ukimtazama.

Yule wa miwani naye alikuwa amebakiwa na mweusi tu, na hakuwaza kitu. Akausukuma mweusi ndani kama anayefunga mlango wa banda la kuku.

Nikamuuliza mjukuu wangu pale pale, watu wakisikia: "Uliniambia spini ni kwa ajili ya mpira unaofuata. Mweusi ndio wa mwisho. Baada ya huo ulikuwa unamwandalia nani?"

"Kitambaa kina unyevu, bibi. Halafu huu mguu wa meza..."

Nikamwacha anaendelea kuushitaki mguu wa meza.

Jioni nilikwenda kwa mzee wa mfereji, anayesimamia zamu. Nikamweleza yote. Nilitegemea atakohoa aseme upuuzi huo haumhusu, Ijumaa ni yako, nenda nyumbani. Akakohoa kweli.

"Mama, msaragambo wa kusafisha mfereji, kutoka nyumbani kwako huja nani?"

Kwetu zamu ya maji iko kwenye mkono unaosafisha mfereji. Asiyekuja msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, na jembe lake hana siku. Tangu goti langu lilipoanza kuniuma nilikuwa namtuma mjukuu wangu, na nilisimama mbele ya watu wote nikasema, mkono wa huyu ndio wangu.

"Anakuja yeye," nikasema.

"Basi zamu iko mkononi mwake. Akiitoa, imetoka. Alimpa jirani yako alipofiwa, hukuja kulalamika."

"Alimpa mtu mwenye msiba! Hakuiweka kwenye kamari."

"Mimi siangalii imetolewaje, mama. Naangalia kaitoa nani. Nikianza kuchunguza sababu za kila mtu, maji yatakauka mimi bado nasikiliza kesi."

Sikumpenda jioni ile, nikachukua njia ya nyumbani.

Ijumaa asubuhi nikapanda kwenye ndiva. Sijui nilikwenda kufanya nini. Labda nilitaka kumwona usoni anayeyachukua. Yule wa kabichi akafungua, maji yakapita pembeni ya shamba langu yanaimba. Akavua miwani.

"Shikamoo bibi. Nikuachie nusu? Kabichi zangu hazihitaji yote."

"Nusu ya maji yangu unipe wewe kama zawadi? Mwagilia kabichi zako."

Jirani yangu, aliyekuwa amenifuata, alinifinya mkono. "Pokea, mwenzangu, maua yanadondoka." Sikupokea.

Mjukuu nilimpa ndoo mbili. Mto uko chini bondeni na shamba liko juu, na njia ni ya mawe. Akapanda na kushuka siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata. Mimi nikawa nasimama kwenye tuta namwonyesha shina lipi lipate. Mwanzoni alikuwa bado anafundisha.

"Unajua bibi, nilizidisha ubavu. Ningepiga chini tu, bila ubavu..."

"Mimina kwenye shina. Unamwaga njiani."

"Au ningeuwaza ule mpira kidogo kulia..."

"Hilo umeliruka. Rudi."

Siku ya tatu somo liliisha, mabega yamevimba. Tuliokoa matuta ya chini. Ya juu maua yalidondoka yote, nikang'oa mashina nikampa mbuzi. Mbegu nilipata, maharage ya kula ni machache sana. Naandika haya bado tunayala kwa kupimiana.

Msaragambo ulipoitwa tena, niliamka mapema nikachukua jembe mwenyewe. Goti lilikuwa linawaka moto. Mjukuu akanifuata na jembe lake, anasema, "Bibi, rudi, mimi nipo." Nikaendelea kupanda. Tulipofika kwenye ndiva nikaingia kwenye matope mbele ya watu wote, wa miwani akiwemo, nikachimba. Nilichimba taratibu na vibaya, lakini nilichimba. Mzee wa mfereji akaja kusimama ukingoni.

"Mama, kwa hiyo zamu imerudi kwako?"

"Imerudi."

"Na huyu nimwandike wapi?"

Nikamtazama mjukuu wangu, matope mpaka magotini, anang'oa magugu kwa nguvu kuliko wote pale.

"Huyu ni wa kuchimba tu," nikasema. "Maji atayaona yakipita."