Pua ya Wanjugu

Kule Longonot ukiuliza stoo ya vitunguu, hawakuelekezi kwa jengo. Watakwambia tafuta Mama Tabby. Jina lake ni Wanjugu, mama wa miaka hamsini na saba, mfupi, asiyevua sweta hata jua likichoma, na kazi yake kwa miaka tisa imekuwa moja tu: kunusa.

Usicheke. Kitunguu kikivunwa, kikaanikwa hadi shingo ikakauka, kinaweza kukaa kwenye chanja miezi mitatu kikiwa kizima. Lakini kimoja kikianza kuoza katikati ya rundo, kinatoa maji, maji yanawashukia wenzake wa chini, na kabla hujajua chanja nzima imekuwa uji. Kwa macho huoni kitu, maana vya juu bado vinang'aa. Wanjugu alikuwa akipita kila asubuhi, mdomo ameufunga, hatua kwa hatua. Anasimama, anazamisha mkono mpaka kwapani, anatoka na kitunguu kimoja kilichoanza kulegea. Hicho hicho! Familia kumi na moja ziliweka mavuno yao mle na hakuna aliyejisumbua kukagua. Kuingia stoo kabla yake kulihesabiwa kuwa ukosefu wa adabu.

Na kwa nini waweke, wasiuze shambani? Kwa sababu msimu wa kuvuna kila mtu anavuna, na malori ya vitunguu vya Tanzania nayo yanaingia kupitia mpaka wa Namanga. Nchi inafurika vitunguu, na broka anakuja akiutazama mzigo wako kama anayekufanyia hisani. Halafu vinaisha. Watu hawaachi kula, malori yanapungua, na broka yule yule anaanza kukupigia simu akikuita mzazi wangu. Wa kucheka ni yule aliyeweza kungoja, na kungoja kwao kulitegemea pua ya Wanjugu.

Yeye mwenyewe hakuwa na shamba. Alitoka upande wa Olenguruone mwaka wa fujo za uchaguzi, akiwa na bintiye Tabby na godoro moja, akapanga chumba kando ya reli. Tabby ameshaolewa huko Nakuru mjini. Kilichompa mama yake kiti katika mkutano wa wenye mashamba ni pua hiyo, na kila msimu walimgawia neti zake za vitunguu kama mmoja wao.

Basi mwezi wa saba, stoo ikiwa imejaa, mafua yakamlaza wiki mbili. Kikohozi kikaisha, kichwa kikapona. Siku ya kurudi kazini aliingia, akavuta pumzi, na hakukuwa na kitu. Hakuna harufu nzuri, hakuna mbaya. Akatoka nje, akapasua kitunguu na kukibana puani. Machozi yakamtoka, pua ikamwasha tu, lakini harufu hakuna. Akaketi mlangoni, kitunguu kile bado mkononi.

Akamwambia nani? Hakumwambia mtu. Haki, ungemjua ungemkasirikia, halafu ungemhurumia papo hapo. Aliendelea kupita kila asubuhi, mdomo ameufunga vilevile, akisimama mahali pa kubahatisha. Akawa anabonyeza shingo za vitunguu, anatafuta unyevu kwa vidole, anatazama nzi wanatua wapi. Alipopata kibovu kimoja alikitoa nje wakione, na watu wakasema, yule mama ni moto. Lakini mkono wa mtu unafika wapi? Chanja za nyuma zilikuwa na kina. Usingizi ukamkimbia, na kila aliyemwita kwa jina barabarani alimshtua.

Mwezi wa tisa habari zikafika kwamba malori ya Tanzania yameadimika, na katika soko la Nakuru akina mama wanapanga fungu la vitunguu vitatu kwa bei ile ile ya sita. Kinyanjui, mwenyekiti wao, mwanamume mpole sana, akaita mkutano nje ya stoo. Broka wa Mai Mahiu alikuwa tayari kuleta lori kesho yake. Wengine wakasema wauze. Wengine wakasema wazimu gani huo, bei bado inapanda, wangoje wiki mbili. Wakabishana mpaka mbwa wakaanza kubweka. Aliyenyamaza ni Nanyama, mjane aliyekodi shamba la mtu na kutia kila alichokuwa nacho katika msimu huo mmoja. Yeye alikuwa akimtazama Wanjugu. Mwisho wote wakageuka kumtazama.

"Mama Tabby," Kinyanjui akasema, "sisi tutabishana hadi jioni. Wewe tuambie. Vitakaa wiki mbili?"

Maneno alikuwa nayo mdomoni tangu asubuhi: pua yangu imekufa, uzeni. Akazitazama nyuso zile. Akilini akaona mtu mwingine amekalia kiti chake, naye yuko kando ya reli, mama mpangaji tu, wa kuambiwa asogee watu wapite.

"Vitakaa," akasema.

Wakampigia makofi.

Wiki mbili hizo zilimla. Aliingia stoo mara tatu, mara nne kwa siku. Mvua isiyotarajiwa ikanyesha siku tatu, hewa ya ndani ikawa nzito, naye akafungua madirisha yote na kuomba Mungu kwa sauti. Siku moja alizamisha mkono kwenye chanja ya Nanyama, vidole vikatoka vimelowa. Akasimama hapo akivitazama. Kisha akavipangusa kwenye sweta, akajiambia ni jasho lake.

Lori likaja Alhamisi, na watu wote wakaja kushuhudia. Wapakiaji wakaanza na chanja za nyuma. Vya juu vilikuwa vyekundu, vizuri ajabu, broka mwenyewe akatabasamu. Mpakiaji akazamisha karai, na lilipoinuka lilikuwa linachuruzika maji meusi. Akaliacha likaanguka. Watu wakarudi nyuma, huyu amejiziba pua kwa leso, yule kwa kola ya shati, broka akikimbilia nje kutema mate. Kinyanjui, pua ndani ya kiganja, akageuka kumtafuta Wanjugu. Akamwona amesimama katikati yao, mikono imening'inia, uso wazi, anapumua kama kawaida. Hapo akaelewa.

Karibu nusu ya stoo ilikuwa hivyo. Katika chanja ya Nanyama hakikubaki hata cha kuunga mchuzi. Broka alichukua vilivyopona akaenda zake, na watu wakatawanyika bila kuagana.

Wanjugu alimfuata Nanyama hadi kwenye ua wa stoo. Alitarajia matusi, hata kofi, na angelipokea.

"Nanyama, pua yangu ilikufa mwezi wa saba. Nilijua. Niliogopa kusema."

Nanyama hakupaza sauti. Alikuwa akifuta viganja vyake kwenye rinda, tena na tena, ingawa havikuwa na kitu.

"Mimi nilisikia hiyo harufu wiki nzima nikipita hapa nje," akasema. "Nikasema, kama Mama Tabby hajasema kitu, basi pua mbaya ni yangu."