Mama Vizimba na Panya Wasioogopa

Kazi ya Mama Vizimba, ukimsikia mumewe akiisimulia, ni kuwatandikia panya vitanda. Mumewe ni fundi cherehani na ana ulimi usio na breki, lakini kwa hilo hakukosea sana. Kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa mama huyu amevaa koti la kijani na kofia inayobana masikio, akaingia chumba cha kwanza cha jengo la utafiti, na kuwahamisha panya weupe kutoka vizimba vichafu kwenda visafi. Maranda mapya, chupa mpya ya maji, chakula, kifuniko. Akitoka hapo mgongo unamuuma na ananuka panya hadi kwenye kope. Mwambie apumzike, atakuuliza nani atawaangalia wanawe.

Chumba cha pili kilikuwa cha Sajini. Huyu hakuwahi kuwa askari hata siku moja, ila alipenda mambo yaende kwa amri. Ukutani mwa kila chumba palibandikwa maelekezo: panya ashikwe mkia, ainuliwe, awekwe. Sajini aliyafuata neno kwa neno, akamaliza chumba kizima kwa saa moja na nusu, kisha chai.

Mama Vizimba hakuyafuata. Hiyo ndiyo siri yake, na niiseme mapema usije ukanilaumu. Mwaka wake wa kwanza aliwashika mkia kama wengine, nao walikuwa wakitetemeka na kujikojolea mkononi mwake, na yeye, mwanamke aliyelea watoto wanne bila kuchezewa na yeyote, roho ikamuuma. Siku moja akawatupia kile kimrija cha kadibodi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha, wapate cha kuchezea. Panya mmoja akaingia ndani. Mama akainua kimrija na panya wake, akakiweka kwenye kizimba kisafi, na panya akatokea upande wa pili akitembea zake kama aliyefika kwake. Basi! Tangu siku hiyo hakumshika panya mkia tena. Vimrija alivisokomeza mfukoni kila mkubwa alipopita, maana nani angemsikiliza mzoa maranda?

Mambo yaliharibika ilipoingia kazi ya Binti. Hilo ni jina alilompa Mama Vizimba. Wengine walimwita mtafiti. Kwa miaka minne Binti alikuwa akiijaribu dawa ya kutuliza hofu, kwa ajili ya watu ambao moyo huwaenda mbio bila kitu cha kuwatisha. Katika kila chumba nusu ya panya walipewa dawa ndani ya maji, na nusu wakapewa maji matupu. Kisha kila panya aliwekwa kwenye sanduku pana lenye mwanga, kamera ikimtazama. Mwenye hofu hujibanza pembeni, asiye na hofu huzunguka akinusanusa.

Kwa Sajini majibu yalinyooka: wa dawa walizunguka, wa maji walijibanza. Kwa Mama Vizimba, makubwa! Walizunguka wote, wa dawa na wa maji, hukujua yupi ni yupi.

"Kuna mtu amechanganya chupa," Daktari Mkuu alisema kwenye korido, na hakumtazama mtu, jambo lililouma kuliko kutazamwa. Wangekutana Ijumaa. Kama chupa zilichanganywa, utafiti ungefutwa, na aliyezichanganya angekwenda nyumbani.

"Umezichanganya?" mumewe aliuliza jioni ile, pini mdomoni.

"Nitakuchanganya wewe kwanza."

"Basi nyamaza. Watahangaika, watachoka. Ukivitaja hivyo vimrija vyako, mke wangu, umemwaga unga kwa mkono wako mwenyewe."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuudhi. Mama alikuwa na miaka hamsini na sita, nani angemwajiri? Halafu aliipenda kazi ile, akaona haya kwamba anaipenda kiasi hicho.

Alhamisi alimkuta Binti stoo, amekaa juu ya gunia la maranda, macho mekundu.

"Mama, najua hukuchanganya chupa," Binti alisema. "Lakini nitawaambia nini? Miaka minne, mama."

Mama Vizimba alitaka kumtajia vimrija, akakumbuka maneno ya mumewe. Alimwambia tu akanawe uso. Siku nzima akajichukia, na nadhani alistahili kidogo.

Ijumaa walikaa wanne kuzunguka meza: Daktari Mkuu, Binti, Sajini na yeye. Kabla hajaulizwa, Mama Vizimba alipiga moyo konde, akachomoa mfukoni vimrija vitatu, akavipanga mezani.

"Chupa sikuchanganya," alisema. "Amri ndiyo nimevunja. Siwashiki mkia. Wanaingia humu wenyewe, mimi nawabeba."

"Karatasi ya chooni?" Sajini aliangua kicheko. Alicheka peke yake.

Daktari Mkuu alivua miwani. "Kwa muda gani?"

"Miaka kumi na minane, Daktari."

Ni Binti aliyesimama, ameshika kimrija kimoja.

"Panya wa Sajini hawaogopi sanduku," alisema polepole. "Wanaogopa mkono. Sisi ndio tunaowatia hofu, halafu tunaipima."

"Unakisia," Daktari Mkuu alisema.

"Ndiyo. Nipe panya wapya arobaini nisikisie."

Akapewa, na wiki tatu. Hakuna dawa, nusu mkia, nusu kimrija. Ili isisemwe kwamba mama ana mkono wa uchawi, aliyewahudumia wote arobaini alikuwa Sajini, akinung'unika kutwa kucha. Mama Vizimba alisubiri majibu hana hamu ya chakula, na hata fundi cherehani aliacha mzaha.

Majibu yakaja. Wa mkia walijibanza pembeni. Wa kimrija walizunguka sanduku zima, mmoja akapanda juu ya mkono wa Sajini alipokuwa akimtoa, na Sajini, aliyewahi kucheka, akakaa bila kutikisika mpaka panya aliposhuka mwenyewe.

Binti ilibidi aanze upya. Aliyasema hayo akitabasamu: mwaka mmoja zaidi, lakini sasa angejua anapima nini. Mama Vizimba alimkumbatia na koti lake la kijani vilevile, maranda yakamjaa Binti nyweleni.

Na yeye? Hakuna aliyemwambia abaki wala aondoke. Jumatatu aliingia chumba cha kwanza akakuta maelekezo yamebanduliwa ukutani, na Daktari Mkuu amesimama katikati ya vizimba, amevaa koti la kijani lenye mikono mifupi.

"Wahudumu wote watafundishwa upya, wa jengo zima," alisema. "Wewe ndiye mwalimu. Anza na mimi."

Akatumbukiza kimrija kizimbani. Panya akakimbilia kona. Akamfuata na kimrija kule, panya akakimbilia kona nyingine.

"Usimfukuze, Daktari," Mama Vizimba alisema. "Tuliza mkono."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apende yeye."

Mkubwa wa jengo zima akainama juu ya kizimba, akatuliza mkono, akasubiri.