Neno ‘inda’ lilivyomfunga mdomo Longino

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Musinzira, mjini Gitega, Burundi. Longino ameinamia kompyuta yake kuukuu, anapakia nyimbo za zamani kwenye simu ya mteja. Mteja huyo, Eliud, mkulima kutoka Ryansoro, anasikiliza ubeti mmoja, anatabasamu, kisha anauliza: “Hapa mwimbaji anamsema nani?”

“Sijui,” anajibu Longino bila kuinua uso.

Eliud anaduwaa. “Nyimbo iko kila mahali,” anamwambia mwandishi. “Hapa tulikuwa tunafuata maana.”

Ni kweli. Kwa miaka kumi na moja Longino, mwenye umri wa miaka 36, ameishi kwa kufumbua mafumbo ya nyimbo za bendi za zamani. Kupakia wimbo ni faranga mia mbili. Maelezo yalikuwa bure, na ndiyo yaliyoleta watu. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa na nusu saa kwenye redio moja ya mjini, na wasikilizaji waliuliza, naye akajibu. Nani alikuwa “nyoka wa kibisa”, “ufunguo” ulimaanisha nini. Hakuwahi kukosa jibu.

Hapo ndipo ilipokuwa kasoro yake, na anaikiri mwenyewe.

“Nilikulia kambi ya wakimbizi, Tanzania. Niliporudi hapa nina miaka kumi na tisa, Kirundi changu kilichekwa hadi kanisani. Kiswahili ndicho kilichonipa heshima. Sasa mtu wa namna hiyo atasemaje hajui?”

Mwaka jana, Jumamosi moja, ulisomwa ujumbe wa kijana aitwaye Uthmani, mfanyabiashara wa Muyinga. Alikuwa anamsalimu mchumba wake Nadia, fundi cherehani wa mjini hukohuko, na akaomba maana ya wimbo ambao Nadia huuimba akishona. Mstari wenyewe ulikuwa hivi: “Ana inda kaificha, usoni anachekacheka.”

Longino hakuwa amewahi kulikuta neno hilo katika Kiswahili cha kambini. Lakini alilijua kwa Kirundi cha mama yake. Kwa Kirundi, inda ni tumbo, na mwanamke mwenye inda ni mjamzito. Akaona fumbo limejifumbua lenyewe.

“Nikasema hewani, wimbo huu ni wa binti aliyeficha mimba. Nikaongeza na mbwembwe: ukimsikia mwanamke anauimba kila siku, jiulize. Watu wakacheka studio. Na mimi nikacheka.”

Loo! Kabla ya adhuhuri simu ililia. Alikuwa Kadidja, mama yake Nadia.

“Nilimuambia, we bwana, Kiswahili gani hiyo?” anasimulia Kadidja, akiwa nyumbani kwake Muyinga. “Inda ni roho mubaya! Ni mutu anakuchekea na ndani anakutakia mabaya. Bibi yangu alikuwa anasema hivyo kila siku. Wimbo iko inasema jirani munafiki, basi!”

Longino aliuliza huku na huku, akakuta mama yule amesema kweli. Jumamosi iliyofuata alijirekebisha hewani na kuomba radhi. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa. Huko Muyinga walisema amehongwa na mama wa binti.

Familia ya Uthmani ilitaka Nadia akapimwe hospitali. Nadia alikataa.

“Nipimwe juu ya wimbo?” anauliza, mguu ukiwa juu ya pedali ya cherehani. “Uthmani ananijua. Kama anataka karatasi ya daktari ndiyo aniamini, basi asinioe.”

Kukataa kwake kukachukuliwa kuwa ndiyo jibu. Mahari ikarudishwa. Miezi ikapita na mtoto hakuzaliwa, na mtu angedhani mambo yangeishia hapo. Hayakuishia. Sasa walisema ameitoa mimba. Uthmani alioa mwingine kabla ya Ramadhani.

“Ingekuwa nimezaa wangesema, sikuzaa wanasema,” anasema Nadia. Wateja wake wa nguo za harusi wameacha kuja. Mabibi harusi wanaogopa mkono wake. Anashona sare za shule na kufupisha suruali.

Nyumbani kwa Longino hali si nzuri zaidi. “Huyu mwanaume alikuwa anaongea mpaka maharage yanaungua,” anasema mkewe, Martha. “Nilikuwa namwambia nyamaza, baba, tupumzike. Sasa amenyamaza, na mimi ndiye ninayelia.” Redioni aliacha mwenyewe. Hakufukuzwa.

Mwezi uliopita alisubiri gari siku mbili kwa kukosekana mafuta, kisha akafika Muyinga na spika mkononi. Alikusudia kusimama sokoni siku ya gulio, awaeleze watu wote maana halisi ya inda. Kwanza akapita kwa Nadia kumwomba ruhusa.

Nadia hakumkaripia. Alimpa kiti na maji ya kunywa, kisha akamwambia: “Kaka Longino, mi nakuomba kitu moja. Nyamaza. Kila ukisema Nadia hakuwa na mimba, watu wanasikia Nadia na mimba.”

Alirudi Gitega na spika yake bila kuiwasha.

Wimbo huo ameufuta kwenye kompyuta. Lakini tangu kisa kienee, ndio unaoombwa kuliko zote, na akisema hana, wateja wanavuka barabara kwenda kibanda cha pili, ambako unapakiwa kwa faranga zilezile mia mbili.

Anaulizwa ana mpango gani.

“Nilitaka nyimbo za zamani zisisahaulike, ndiyo kazi niliyojipa,” anasema. “Sasa namwomba Mungu huu mmoja wausahau. Nadia ana miaka ishirini na minne. Labda wakiusahau, atakuwa bado kijana.”