Kopo la Mama Mkwe

Nilikuwa karani wa makopo. Cheo hicho hakikuandikwa popote, lakini ndivyo hospitali nzima ilivyoniita, nami sikukataa kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa makopo. Uhuru ulikuwa bado mpya. Daktari mgeni alikuwa amekuja katika hospitali ya serikali niliyofanyia kazi, pale Homa Bay, kuchunguza kichocho cha tumbo. Alichagua kijiji kimoja cha ufuoni na kingine cha upande wa Migori, kando ya mto, na kila mtu mzima huko alitakiwa kutoa choo kidogo ndani ya kopo lenye kifuniko. Ili siri za watu zisitembee, makopo hayakuwa na majina, yalikuwa na namba tu. Namba niliziandika mimi, na majina ya wenyewe yalikaa katika daftari langu tu.

Sikumaliza shule. Mwandiko nilijifunza mwenyewe kwa kunakili maneno ya kwenye chupa za dawa, na labda ndiyo maana niliuogopa kama mali ya wizi. Namba ikilala upande kidogo, nilibandua karatasi nikaanza upya. Daftari langu halikuwa na mstari uliokatwa wala nafasi tupu. Siku moja daktari alilifungua mbele ya wauguzi akasema, "Daftari safi sana." Tangu hapo sikupata usingizi mzuri. Nilijua sasa lina siku ya kuchafuka.

Katika kile kijiji cha Migori kulikuwa na boma moja ambalo sikumwambia mtu habari zake. Ndiko nilikochumbia. Ng'ombe wa kwanza walikuwa wameshafika. Na kwetu Wajaluo, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Huli mbele yake, huoni mahali anapolala, na mkikutana njiani mmoja wenu huingia majanini hadi mwenzake apite. Mimi nilikuwa nimetumwa na serikali nikamwombe choo.

Makopo yaligawiwa na mzee wa kijiji, nami nikarudi asubuhi iliyofuata kuyachukua. Yalikuwa yamepangwa vizuri chini ya ghala. Namba arobaini, limejaa. Arobaini na mbili, limejaa. Arobaini na moja, la mama mkwe, lilikuwa jeupe ndani kama lilivyotoka kwangu. Mchumba wangu alisimama kando, amefunika mdomo kwa kiganja.

"Mama amekataa," alisema.

"Anaogopa uchawi?"

"Anakuogopa wewe. Amesema angekuja mtu mwingine yeyote, hata polisi, angempa. Lakini mkwe abebe kitu kama hicho mpaka Homa Bay? Amesema afadhali afe."

Mtu mwenye akili angeandika "hakutoa" na kupanda gari. Au angemtuma dereva wetu amwombe, ingawa dereva huyo angeitangaza habari soko zima la Migori kabla ya chai. Mimi niliona ile nafasi tupu katikati ya daftari. Nikasema ninakwenda haja. Nilikwenda na kopo.

Ninaandika hivi hivi kwa sababu sina njia nzuri zaidi ya kuliandika. Nilijaza kopo la mama mkwe kwa choo changu, nikalifunga, nikalipangusa, nikaliweka kati ya arobaini na arobaini na mbili. Nilijiambia hakuna ubaya. Mimi ni mzima, yeye ni mzima, uzima ni mmoja.

Baada ya siku tatu, mzee wa maabara aliinua jicho kutoka kwenye darubini.

"Omera, ndugu yangu, njoo uone," aliniambia. "Huyu arobaini na moja hana tumbo, ana kiota. Mayai ya kichocho yamejaa kama ya kuku wa Mhindi. Huyu ni mtu wa kuogelea sana."

Nilizaliwa ufuoni. Niliogelea kabla ya kutembea.

"Mbona umekaa chini?" aliuliza.

Dawa ya kichocho wakati huo ilikuwa sindano za mshipani, siku baada ya siku. Wanaume wazima walitapika na kushika vifua, na daktari aliwasikiliza moyo kila mara kwa sababu dawa hiyo ingeweza kuusimamisha. Orodha ya watu wa kuletwa wodini niliandika mimi, kwa mwandiko wangu bora, na namba arobaini na moja ilikuwemo. Nilikuwa na tumaini moja tu, kwamba mama mkwe atakataa. Alijua hakutoa kitu. Angesema, "Mmekosea," na gari lingerudi bila yeye.

Alikuja. Alikuja na gauni la kanisani na kifurushi, na kabla ya jioni wodi nzima ya wanawake ilikuwa na habari. Sista, muuguzi wa zamu, ndiye aliyeniletea. Alikuwa mtu wa Taita, mila zetu zilimpita kando, na Kiswahili chake kilikuwa kikubwa.

"Kuna mama kule anasifu hospitali kama mhubiri," alisema. "Anasema hakutoa choo hata tone, na bado daktari ameuona ugonjwa wake kutoka Homa Bay mpaka Migori. Anasema kama umeonekana kwa mbali vile, basi ni mkubwa. Wenzake wanataka nao waangaliwe bila kutoa."

Siku mbili nilizunguka na ukweli mdomoni. Nilijaribu kupoteza faili lake, lakini nilikuwa nimelipanga vizuri mno. Kila nikilificha, mtu alilipata pale pale palipofaa. Asubuhi ya sindano ya kwanza nilisikia magurudumu ya kitoroli cha dawa yakiingia wodini. Nikakimbia hadi mlangoni, nikasimama hapo, macho chini.

"Sista! Usimchome arobaini na moja!"

"Ingia basi, usipige kelele mlangoni."

"Siwezi. Mama mkwe wangu amelala humo."

"Si vizuri? Ingia umsalimie."

"Sista, siwezi kuona kitanda chake. Njoo wewe."

Alikuja, sindano ikiwa imeshavutwa dawa. Nilimnong'oneza yote. Aligeuka, na badala ya kwenda kitandani akasema kwa sauti ya kufika hadi jikoni:

"Mama! Huyu kijana anasema kile choo kilikuwa chake!"

Kitanda kililia, nguo zikavutwa kwa haraka, kisha sauti ikatoka chini ya blanketi, kwa Kiswahili cha kuuzia mboga.

"Kijana gani?"

"Mkwe wako."

"Mwambie mimi hapana kuwa hapa."

"Anajua upo, mama."

"Basi muulize. Choo yake ilienda kufanya nini kwa namba yangu?"

Sista alinigeukia. "Anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie sikutaka nafasi ibaki tupu."

"Anasema hakutaka nafasi ibaki tupu."

Kisha mama akasema polepole, na nilisikia huzuni ndani yake, "Kumbe daktari hakuniona?"

"Hakukuona, mama."

"Yawa. Na vile nimeambia watu."

Mwanamke mmoja alianza kucheka, akafuata wa pili, na daktari alipofika wodi nzima ilikuwa inajishika mbavu, mimi nikiwa nimepiga magoti nje ya kizingiti. Nilimweleza. Hakunipigia kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alichukua daftari langu, akakata mstari wa arobaini na moja kwa kalamu nyekundu, kwa hasira, na mstari ukapinda. Kisha akaamuru mambo mawili: mama apewe kopo jipya, nami nipelekwe wodi ya wanaume.

Mama alitoa, kwa sharti kwamba libebwe na Sista, na kwamba mimi niwe nimelala. Mzee wa maabara alilitazama mara tatu, hakuona hata yai moja. Alikuja mwenyewe kitandani pangu kuniambia. Nilikuwa na beseni mapajani baada ya sindano yangu ya pili, nikashukuru kadiri nilivyoweza.

Alipokuwa akienda kupanda gari la kumrudisha Migori, mama alipitia kwenye veranda yetu. Nilisikia viatu vyake vikisimama nyuma ya dirisha langu, nikageuza uso ukutani. Najua naye aligeuza wake. Sista alikuwa kando yangu, amenishikia beseni.

"Sista," alisema kwa sauti, "uko karibu na yule mtu?"

"Niko karibu, mama."

"Mwambie amalize sindano yote. Asiache hata moja. Msichana yangu haiwezi kuolewa na mtu ya mayai."

"Amesikia, mama."

"Ameitikia?"

"Anatapika."

"Basi ngoja amalize."

Viatu havikuondoka. Nilifuta mdomo, nikauambia ukuta, "Ndiyo, mama."