Charkha Iliyokuwa Ikilia Mamba

Baba alipokataa kuvaa shati nililomshonea, nilijua safari ya kijijini Mamba haikwepeki tena. Mimi ni fundi cherehani mjini Tabora, na baba mgonjwa anayezira nguo za binti yake ni aibu ya duka zima. Lakini yeye alikuwa na lake. Alisema kila alfajiri marehemu babu yangu huja kukaa miguuni pa kitanda, akizungusha charkha, lile gurudumu la mbao la kusokotea nyuzi za pamba. Huzungusha tu, hasemi neno.

Babu alitoka Gujarat. Ujanani Waingereza walimfunga kwa kuchoma hadharani nguo za viwanda vyao, naye akaapa kutovaa kitambaa cha kiwandani mpaka India ijitawale. Alipofunguliwa alihamia Mamba, kule Mpimbwe, akafungua duka la chumvi na mafuta ya taa. Nguo hakuuza hata leso. Alifariki India ikiwa bado mikononi mwa Waingereza, na baba, mwanawe wa pekee, alikuwa shuleni Tabora. Baba alipofika alikuta wenyeji wameshazika. Kwetu maiti huchomwa, lakini wao wangejuaje? Wakamwambia kwa fahari kwamba wamemvika sanda ya marekani, kitambaa kipya, cheupe, cha kiwandani. Baba aliishi na neno hilo hadi uzeeni, mpaka naye akaona haya kuvaa kitambaa cha kiwandani.

Sasa, miaka hii ya tisini, akanikabidhi kitambaa kilichofumwa kwa mkono, alichotumiwa na ndugu zetu wa Gujarat. "Kamfunike babu yako kaburini," aliniambia. "Nikifa kabla, nitamtazamaje?"

Treni ilinishusha Mpanda nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Nikapata nafasi kwenye lori lililokuwa likifuata mpunga. Dereva, Msukuma mcheshi, alinitania tangu Mpanda kwamba Mhindi kupanda lori ni dalili ya mvua. Tulipofika Sitalike, viboko wamejazana kwenye tope chini ya daraja, akaniuliza, "Kwani Mamba unamfuata nani, mama?"

"Babu yangu. Alikuwa na duka."

Utani ukamkauka mdomoni. Tulivuka mbuga nzima, na tulipokaribia alisema tu, "Nitakushusha pale barabarani. Mchana mimi penye lile duka sisimami."

Mamba nilipokewa na Bibi Kalista, mwanamke mzee ambaye utotoni alikuwa akimpelekea babu pamba. Alinitazama usoni kwa muda mrefu hadi nikaona haya.

"Nyie mmechelewa," alisema. "Kila siku jua likifika utosini anasokota. Duka limebomoka, gurudumu lilishaliwa na mchwa, lakini tunamsikia. Wanawake hawapiti njia ile."

Nilitoa kitambaa nikamweleza habari ya marekani. Bibi Kalista akaweka mkono mdomoni.

"Jamani! Yule hakuvaa marekani. Tulipomfunika akiwa hoi aliitupa chini. Tukamzika na seketa, nguo yetu ya pamba aliyoifuma baba yangu hapahapa, nzito, yenye pindo mbili nyeusi. Ile pamba alisokota mwenyewe."

"Sasa kwa nini mlimwambia baba marekani?"

"Alikuja na viatu, mjukuu wangu! Mtoto wa shule. Seketa wakati ule ilishakuwa nguo ya maskini. Tuliona aibu, tukasema atatuona tumemdharau babaye."

Nilicheka, kisha nikalia. Heshima ya watu wema ilikuwa imemtesa baba yangu maisha yote.

"Basi kama amevaa vizuri, anasokota nini?" niliuliza.

Alinishangaa. "Si aliapa mpaka Waingereza waondoke kwenu? Waliondoka?"

"Zamani, bibi. Hata hapa waliondoka."

"Na nani alimwambia?"

Jua lilipofika utosini nilikwenda peke yangu, Bibi Kalista akibaki uani kwake. Kuta zilifika kiunoni, na katikati mipamba ilikuwa imejiotea. Hapakuwa na upepo. Nikasikia krrr, krrr, taratibu, karibu na miguu yangu. Nikasema kwa Kigujarati, kwa sauti iliyonitoka vibaya, "Babu, wameondoka. India ni yetu. Pumzika."

Mlio wa gurudumu ulikatika. Kimya kilichofuata kilinitisha zaidi, nikakimbia bila kujali umri wangu.

Nilirudi Tabora na kitambaa changu kikiwa kimekunjwa vilevile, nikitunga njiani jinsi ya kumweleza baba. Shuleni nilifundishwa kwamba uhuru wa India ulidaiwa barabarani na magerezani. Sikujua kwamba sehemu yake ilisokotwa Mamba, ikafumwa na mzee wa Kipimbwe, ikazikwa bila kutajwa.

Nilimkuta baba ameketi kitandani, amevaa shati langu.

"Alikuja juzi mchana," alisema kabla sijatua mfuko. "Hakuwa na charkha. Alisimama mlangoni, akacheka, akaenda zake. Lakini ile nguo aliyovaa, mwanangu, ile nzito yenye pindo mbili nyeusi, nani alimpa?"